Nyundo Iliyotoka Kwenye Mguu wa Kitanda Changu

Kabla hujasikia kwa wengine, sikia kwangu, maana mimi ndiye niliyekaa naye ukuta kwa ukuta. Fundi Mbithi si mchawi. Hawezi kumroga hata panya. Ninajua kwa sababu panya alikula kiatu chake cha Jumapili, cha kulia, na yeye badala ya kununua sumu akasema maskini, lazima alikuwa na njaa sana. Mtu kama huyo leo akipita hapa kwetu Soweto West, Kibera, watu wanasimama kando na kuvuta watoto wao nyuma. Akili za watu wa Kibera zinanichosha, na mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Jina langu Adhis. Ninakaanga samaki na mgongo wazi, ile mifupa inayobaki baada ya wenye pesa kuchukua nyama, na karai langu liko kando ya kibanda cha Mbithi. Yeye ni mtu wa Kitui, huko Ukambani, fundi wa mbao. Vitanda, viti, meza za televisheni, jeneza ikibidi. Anafanya kazi polepole huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya, na ukimuuliza kazi yako iko wapi anakujibu, "Kesho, jirani, Mungu akipenda," na Mungu mara nyingi huwa hapendi. Hiyo ndiyo dhambi yake pekee ninayoijua. Mke wake Syokau ni kiongozi wa kwaya, na yeye anaimba vizuri, sijui wawili hao walikutania wapi.

Kitu kimoja tu Mbithi alikitaka duniani, nacho ni kuwa mzee wa kanisa. Kanisa lao liko chini kabisa, kando ya mto, la mabati, linaitwa Maji ya Uzima, na kila mvua kubwa ikinyesha jina hilo linawafika magotini. Mabenchi yote mle ndani ameyaunda yeye, bure. Unajua, baba yake huko Kitui alikuwa mlevi wa kijiji, mtu wa kuokotwa kwenye mitaro, na Mbithi alikua akionyeshwa kidole kwa ajili ya baba. Aliniambia siku moja akipiga randa kwamba anataka tu kusimama mbele ya watu bila mtu kucheka. Na walikuwa wamemchagua tayari. Kulibaki kuwekewa mikono, Jumapili moja kabla ya mvua ndefu kuanza.

Sasa sikiliza vile mambo yalivyoharibika.

Muli, mtoto wa dada yake Mbithi, hupanga viti kwenye hoteli moja kubwa mjini. Hoteli hiyo ikapata mkutano wa mataifa, wa mabadiliko ya tabianchi. Wajumbe walitoka kila pembe ya dunia kuja kuzungumzia mafuriko na ukame, na ni moshi wa nani ulioleta balaa. Mimi mafuriko nayajua. Yale ya mwaka wa 2024 yalinichukulia mlango, karai na kuku, na sikuona mjumbe hata mmoja akija kutafuta kuku. Muli alitusimulia kwamba walikaa kutwa nzima wakibishana kama nchi tajiri zitajenga kinga za mafuriko au zitahimizwa tu kujenga. Nikamuuliza, na chakula je? Akasema chakula kilikuwa kingi.

Basi katikati ya mabishano hayo mwenyekiti wa mkutano akagonga meza ili watu wanyamaze, na nyundo yake, ile nyundo ndogo ya mbao ya kupitishia maazimio, ikavunjika shingo. Kichwa kikaruka kikaangukia bakuli la matunda. Kumbe bila nyundo hakuna azimio. Watu wazima wenye suti, kutoka nchi zenye ndege za kivita, hawawezi kukubaliana jambo mpaka mbao igonge mbao. Muli akasema ana mjomba fundi, akarukia bodaboda, akamkuta Mbithi ameshika mguu wa kitanda changu.

Hapo ndipo mimi ninapoingia. Kitanda hicho nilikipeleka kwa Mbithi tangu Krismasi kwa sababu kilikuwa kinalia kila ninapogeuka. Mimi ni mjane, na kitanda cha mjane kikilia, majirani watafikiri nini? Ni cha mukau, mti mgumu wa Ukambani ambao mchwa hawauwezi.

"Anko, niaje, kuna kazi ya haraka," Muli akasema, akaeleza.

Mbithi akauangalia mguu, akamwangalia Muli, akaniangalia mimi.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Jirani, ni mataifa," akasema, na akakata.

Kazi ya mtaani humchukua mwezi. Kazi ya mataifa aliimaliza kabla mafuta yangu hayajapata moto. Akaichonga, akaipiga msasa, akaipaka mafuta niliyokuwa nimeweka ya kukaangia, na Muli akaondoka nayo ameifunga kwa gazeti. Mimi nikarudi nyumbani na kitanda cha miguu mitatu na jiwe.

Hivyo ndivyo mataifa ya dunia yalivyopitisha azimio lao. Walikubaliana kwamba nchi tajiri zitajenga, si kuhimizwa, kinga za mafuriko kwenye mitaa ya wanyonge iliyo kando ya mito, na kwamba wataanzia Nairobi kwa kuwa ndipo walipokuwa. Nyundo ikagonga. Muli alisema watu walipiga makofi, wengine wakakumbatiana na kulia. Halafu jioni hiyohiyo, kwenye bustani ya hoteli, mjumbe mkuu wa nchi moja ya baridi, tajiri sana, alisimama na wenzake akicheka. Nitamwita Bwana Mjumbe kwa sababu jina lake halikai mdomoni mwangu. Aliwaambia wasiwe na wasiwasi, azimio lile halimfungi mtu. Ni maneno mazuri tu, akasema, tunayapitisha kila mara, na nyumbani hakuna anayeuliza.

Nyuki akamuuma mdomo.

Wewe mwenye akili timamu utasema bustani ina maua, maua yana nyuki, na Bwana Mjumbe alikuwa na glasi ya juisi mkononi. Hata mimi nasema hivyo. Lakini Nairobi nzima inajua habari ya watu wa Ukambani na nyuki. Ukiiba gari, mwenyewe anaenda kwa wazee wa huko, na kesho nyuki wamejaa juu ya gari na hawatoki mpaka ulirudishe. Muli angeleta barafu anyamaze. Yeye alileta barafu na mdomo.

"Mkubwa, samahani," akasema. "Ile nyundo imechongwa na mtu wa Kitui. Ahadi iliyogongwa na mtu wa Kitui huwa haichezewi."

Bwana Mjumbe alicheka na upande mmoja wa mdomo, kwa maana ule mwingine ulikuwa umefura. Akasema yeye ni msomi, mambo hayo hayaamini. Kisha akauliza Kitui iko umbali gani. Baada ya muda akauliza tena. Kesho yake alipofika uwanja wa ndege, safari ikaahirishwa kwa sababu korongo aliingia kwenye injini, na korongo wa Nairobi unawajua, wako kila mahali penye takataka. Lakini Bwana Mjumbe hakuwajua. Alirudi hotelini, akafunga mlango, akaanza kupiga simu kwao.

Yakaja mawe. Mimi nimekaa Kibera muda mrefu na najua vile mradi huja. Huja na kibao kwanza, kikubwa, chenye picha ya watu wanaotabasamu. Halafu semina, soda na fulana. Halafu watu wa mradi wanapotea, na kibao kinabaki mpaka mtu akifanye mlango. Huu ulikuja bila kibao. Malori yalimwaga mawe na vikapu vya waya, wahandisi wakaanza kujaza vikapu na kuvipanga kando ya mto, kimoja juu ya kingine, kuanzia juu kwenye daraja wakishuka kuja kwetu. Na kila walipopita kibanda cha Mbithi walivua kofia zao. Mbithi akawa anawaitikia, "Bwana asifiwe." Wao wakaongeza mwendo.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Muli alimwambia mmoja tu, na huyo naye akamwambia mmoja tu, na kufikia Ijumaa hata watu wa Makina, upande mwingine wa Kibera, walikuwa wanakuja kuchungulia kibanda. Watoto waliacha kuokota vipande vya mbao mlangoni. Jirani aliyeazima msumeno wa Mbithi mwaka juzi na kukataa kuurudisha aliuleta umenolewa na kupakwa mafuta. Wateja hawakuuliza tena kazi zao ziko wapi. Mimi peke yangu ndiye niliyeendelea kumgombeza asubuhi na jioni, nikidai mguu wangu, na watu walianza kuniangalia kana kwamba nimejichimbia kaburi.

Mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua. Aliniuliza kwa nini mama wa kuuza maji amepiga magoti mbele yake.

"Wanasema wewe ni mchawi," nikamwambia. Sikuona haja ya kuzungusha. "Mchawi wa mataifa."

Akakaa chini kwenye maranda. Nilimhurumia sana siku hiyo, na mimi si mtu wa kuhurumia ovyo.

Akaamua kwenda kusema ukweli. Akavaa suti na kile kiatu kilicholiwa, akachukua Biblia, akaenda hotelini. Muli alikuwapo, na ndiye aliyenisimulia. Mbithi alisimama mbele ya Bwana Mjumbe, uso mzito kama kawaida yake akiwa na woga, akasema taratibu, kwa heshima zote, "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyechonga ile nyundo. Nimetoka Kibera mwenyewe kuja kukuhakikishia kwamba hakuna baya litakalokupata. Si wewe, si mke wako, si watoto wako."

Jaribu kuyasikia maneno hayo ukiwa na mdomo uliofura. Kufikia kesho yake malori yalikuwa yameongezeka maradufu.

"Fundi, sasa kaa nyumbani," nikamwambia. "Ukweli wako unatisha kuliko uongo wa watu wengine."

Sasa kuna mtu anaitwa Mzee Gichuru. Ndiye mwenyekiti wa wazee wa Maji ya Uzima, ndiye aliyetoa mabati. Lakini haishi Kibera, ana ploti zake Kabiro, huko Kawangware, kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake, na vyumba vyake vimebanana hivi kwamba mpangaji akipiga chafya jirani anaitikia. Siku moja katikati ya wiki akaja, akanunua samaki ambaye hakumtaka, akazungukazunguka, mwisho akaingia kwa Mbithi. Kibanda kile kina nafasi kati ya mbao. Nilisikia yote bila kutega sikio.

Alitaka nyundo. Si ya mambo mengine, akasema, ya utaratibu tu. Wapangaji wake huahidi kuosha choo kwa zamu na hawaoshi.

"Lakini mzee, nyundo ni mbao tu," Mbithi akasema.

"Hasa," Gichuru akasema, akakonyeza jicho. "Mbao tu."

Mbithi hajui kumkatalia mzee wa kanisa. Akamchongea moja kutoka kwa ubao wa kreti.

Yaliyofuata nilielezwa na Tabby, mpangaji wa Gichuru ambaye hununua samaki kwangu akauze Kabiro. Gichuru aliwaita wapangaji wote uani, akawataka waahidi kuosha choo. Wakaahidi. Akagonga nyundo kwenye tangi la maji, na ploti nzima ikanyamaza. Hapo Tabby akainua mkono. Akamkumbusha mwenye nyumba kwamba naye aliahidi mlango wa choo, miaka imepita, wanawake wanaoga wameshika gunia kwa meno. Angeahidi tena sasa, nyundo ikiwa mkononi? Watu wakasema kweli kabisa, ahadi ni deni. Gichuru angefanya nini mbele ya watu? Akaahidi mlango. Wakamtaka aahidi na taa ya uani. Kisha bomba. Kila akiahidi, wapangaji walimshika mkono ule wakamsaidia kugonga. Mlango wa choo uliwekwa asubuhi yake, taa ikawaka jioni, na Mzee Gichuru alionekana akizibua mtaro mwenyewe, amejifunga neti ya mbu kichwa kizima kwa ajili ya nyuki. Kawangware walicheka mpaka wakakaa chini.

Mtu aliyeaibishwa na wapangaji wake hutafuta pa kumwagia hasira. Jumapili hiyo Gichuru akasimama kanisani, akasema hawawezi kumwekea mikono mtu wa mambo ya giza. Mbithi akaitwa Kabiro, sebuleni kwa Gichuru, wazee wote wameketi na chai. Wakampa sharti. Siku ya kuwekewa mikono atasimama mbele ya kanisa, ataulizwa kama ile nyundo ina nguvu, naye atakana. Akikana, ni mzee wa kanisa siku hiyohiyo. Asipokana, yeye na hata mke wake wataondolewa ushirikani. Na ibada yao huonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao, kwa hiyo dunia nzima itasikia.

Mbithi alirudi akiimba. Si ndilo jambo alilokuwa akilitafuta, kusema ukweli mbele ya watu? Aliniambia kila kitu akicheka, na alikuwa ameanza kuung'arisha ule mguu mzima wa kiatu. Mimi nikazima moto, nikamshika mkono, nikamtoa nje aangalie mto.

Ukuta ulikuwa umefika kwenye choo cha umma. Kutoka hapo kushuka chini, nyumba yangu, nyumba yake, kanisa, na safu nzima ya nyumba za watu wengine, kulikuwa wazi. Mawe ya kwetu yalikuwa bado hayajaletwa. Na mawingu yalishaanza kukaa upande wa Ngong.

"Bwana Mjumbe anaangalia hiyo ibada," nikamwambia. "Muli amesema ofisini kwake wanaitazama kila Jumapili tangu ule mdomo. Siku utakaposema nyundo ni mbao, malori yatageuza."

"Lakini ni mbao, Adhis."

"Najua ni mbao. Ni kitanda changu. Wewe nyamaza tu."

"Waliahidi wenyewe. Azimio limepita."

"Waliahidi mara ngapi na nyundo zao wenyewe? Kuku wangu yuko wapi?"

Akarudi ndani, na sikusikia randa siku nzima.

Watu walipopata habari ya lile sharti, walianza kuja. Walikuja wale waliokuwa wanavuta watoto nyuma, na mama wa maji, na yule wa msumeno. Hata wazee wa msikiti wa Makina walikuja, wenye jamaa zao huku mtoni, wakaketi kwenye viti ambavyo havijamalizika, wakamsihi kwa adabu nyingi aendelee kuwa mchawi kwa muda kidogo tu, mpaka mawe yaishe. Mbithi aliwashukuru kwa kumtembelea. Aliwauliza wao wangesemaje, wangekuwa yeye. Mmoja akasema hilo swali ni gumu na akaomba maji ya kunywa.

Syokau alisema lake mbele yangu. "Kwaya watanitoa, hilo najua. Lakini usiseme uongo kwa ajili yangu, na usiseme ukweli kwa ajili yangu. Sema la kwako." Akaingia chumbani akafunga mlango. Nilimsikia analia, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikikosa tuni.

Jumapili ikafika. Mimi si wa kanisa lao, lakini nilienda. Nani hakuenda? Ndani kulijaa, nje kukajaa hadi ukingoni mwa mto. Wahandisi walisimama mlangoni na kofia mikononi. Simu ya kurekodi ilikuwa juu ya kigoda, na Mbithi akasimamishwa mbele yake, suti imembana kidogo mabegani, wazee wamejipanga nyuma tayari kumwekea mikono. Niliomba Mungu, mimi ambaye hatujaongea naye tangu nimzike mume wangu. Niliomba mtu yule mzuri asiseme ukweli.

"Ndugu Mbithi," Gichuru akasema, "mbele za Mungu na mbele ya watu. Nyundo uliyoichonga ina nguvu, au haina?"

Mbithi aliangalia mabenchi. Alimwangalia Syokau kwenye kwaya. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na hakulipangusa.

"Niulizeni ukuta ukiisha," akasema.

Gichuru alidhani hajasikia vizuri, akarudia swali lote. Na Mbithi akarudia jibu lote, taratibu, na ile heshima yake, akiwa ameiangalia simu kwa sababu hakujua aangalie wapi. "Niulizeni ukuta ukiisha."

Mhandisi mmoja alitoka nje mbio, simu sikioni. Malori ya mawe yaliingia Soweto West Jumapili hiyohiyo mchana, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Lakini kabla hayajafika, Gichuru alikuwa ameshatangaza kwamba Mbithi ameondolewa kwenye orodha ya wazee, na ushirikani pia, na mke wake. Syokau alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi. Wakatoka pamoja. Na sisi tuliokuwa nje tukapiga makofi. Mtu analia, na sisi tunapiga makofi, tunamwita shujaa, tunampigapiga mgongo, lakini kwa vidole tu, tusije tukapatwa na kitu.

Ukuta ukaisha. Mvua ndefu zikaja vile huja, kwa matusi, na mto ukapanda, ukajisugua kwenye mawe kama ng'ombe kwenye ua, ukaendelea na safari yake. Sakafu yangu haikulowa. Sakafu ya Maji ya Uzima haikulowa, kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Nasikia kwenye mkutano wa mataifa uliofuata Bwana Mjumbe alisifiwa sana, maana ni nchi yake pekee iliyotimiza azimio. Wenzake wakamuuliza siri yake. Akasema ni utashi wa kisiasa, akajipapasa mdomo.

Na Mbithi? Jumapili ya kwanza baada ya ukuta kuisha alivaa suti, akaenda akasimama mlangoni mwa kanisa. "Ukuta umeisha," akawaambia. "Sasa niulizeni."

Gichuru alimwangalia. Akaiangalia sakafu kavu. Akauangalia ukuta kupitia dirishani, na ile waya, ambayo siku moja itashika kutu na itahitaji mtu wa kuja kuirekebisha. Akasema tufungue Zaburi. Hakuna aliyemuuliza. Jumapili iliyofuata alirudi, akasema yaleyale, na kwaya ikaanza wimbo kabla hajamaliza. Siku hizi haingii tena. Anakaa nje juu ya ukuta, na suti yake, karibu na dirisha, anasikiliza mahubiri, na ibada ikiisha anasimama tayari. Watu wanatoka, wanamsalimia kwa mbali, wanapita upande ule mwingine. Syokau anamngoja nyumbani na hamuulizi kama wameuliza.

Jumapili iliyopita nilimpelekea samaki hapo ukutani. Alikula, akapangusa vidole.

"Adhis," akasema. "Wewe si wa kanisa lao, na unajua nyundo ilitoka wapi. Basi niulize wewe. Hapa, kwa sauti, watu wakitoka wasikie."

Walikuwa wameanza kutoka. Mto ulikuwa unapita chini ya miguu yetu, umejaa, rangi ya chai, na nyuma yangu kulikuwa na mlango wangu mpya. Ni swali dogo tu, maneno machache. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikamwambia nimeacha karai motoni, nikachukua sahani yangu nikaenda.